Mwanamke Chini ya Kichaka

Puy-Girard, 9 Oktoba 1926

Kwa Dada Zélie,

Salamu zikufikie huko Paris. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu ndio umekuwa mtu wa tatu humu ndani. Kila asubuhi lazima nao uulizwe hali. Kikohozi chako kimekuachia?

Noémie anakusalimu. Tangu uondoke na ile picha ya mtoni, mke wangu hakai akatulia. Kila mwanamke anayekuja kufua anaambiwa, "Hapo ulipopiga magoti ndipo wifi yangu aliponichora." Juzi mke wa mhunzi akamtania: "Umechorwa mgongo tu, uso huna." Akajibiwa: "Mgongo ndio unaofanya kazi. Huo uso wako umefanya nini?" Watu walicheka mpaka sabuni ikaenda na maji.

Noémie anauliza kama rangi imekauka. Ikitundikwa mahali, tuambie. Tutakuja.

Mdogo wako,
Firmin

Paris, 20 Februari 1927

Mdogo wangu Firmin,

Nafurahi kusikia mko wazima. Kifua changu kimetulia, ingawa chumba ni baridi na makaa nayawasha jioni tu.

Nina habari njema. Bwana Castagnol, mwuza picha, atatundika kazi zangu mwezi wa nne, ukuta mzima. Tangu nije mjini hakuna aliyewahi kunipa ukuta. Ile ya mtoni ameipenda kuliko zote. Alikuwa na neno moja mawili juu yake, lakini hayo ni mambo ya kazi, sina haja ya kuwachosha nayo.

Kuja si lazima. Safari ni ndefu, na mbuzi mtamwachia nani wakati wa kuzaa? Nitawasimulia.

Nisalimie wifi.

Dada yako,
Zélie

Puy-Girard, 3 Mei 1927

Dada,

Tulifika nyumbani salama kutoka Paris. Mbuzi mmoja alikufa akizaa, jirani hakuweza kumwokoa. Wengine wazima.

Sikutaka kuandika na hasira, ndiyo maana nimekawia. Nimengoja ipoe, haikupoa.

Ulimwona Noémie alivyoingia pale kwa Castagnol. Kofia aliazima kwa mke wa mwalimu, viatu alivipaka mafuta tangu Jumapili. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha yetu. Mto upo, mawe yapo, kilima na maua yake ya zambarau kipo. Pale alipokuwa yeye kuna kichaka cha maua ya njano. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, kama mtu aliyesahau nyumba ya jirani iko wapi. Mimi nikakuuliza, "Yuko wapi?" Nawe ukanivuta mkono ukaninong'oneza: "Castagnol alisema watu wa mjini wakinunua picha ya bonde wanataka kupumzika mbali na watu. Sasa nyamaza, mnunuzi yuko hapa."

Kisha huyo mnunuzi, bwana mfanyabiashara wa hariri kutoka Lyon, akakuuliza sisi ni akina nani. Ukasema, "Ni watu wa kule kijijini ninakochorea."

Nilizaliwa baada yako katika kitanda kilekile, Zélie.

Kwenye treni Noémie hakulia. Alisema tu, "Kile kichaka kimechorwa vizuri." Mtoni siku hizi anakwenda alfajiri, kabla ya wenzake.

Mdogo wako,
Firmin

Paris, 11 Mei 1927

Firmin,

Pole kwa mbuzi. Natumaini mgongo hausumbui.

Unanihukumu kutoka mezani kwako, penye mkate na jibini. Mimi nina miaka arobaini na saba, na picha zangu zimekuwa zikirudi kwangu bila kununuliwa, moja baada ya nyingine. Castagnol aliniambia, "Mfuaji aondoke, au picha iondoke." Ungekuwa wewe ungefanyaje? Bonde lile nalijua jani kwa jani, nalo ni langu kama lilivyo lako. Nimelitoa humo porini nikalipeleka mahali linapotazamwa.

Yale niliyomwambia yule bwana yalinitoka tu. Niliona viatu vyako, nikaona wanavyovitazama, nikaogopa. Mwombe wifi anisamehe.

Dada yako,
Zélie

Puy-Girard, 22 Januari 1928

Dada Zélie,

Barua zako tatu tangu Mei nilizipokea. Leo ndiyo nazijibu.

Noémie amefariki. Tulimzika jana. Ilikuwa homa ya mapafu; alikwenda kufua asubuhi ya barafu, akarudi anatetemeka. Nilimwambia, "Ngoja jua litoke, uende na wenzako." Akasema, "Nikienda nao wataniuliza habari za picha."

Unajua tulifunga ndoa wakati wa vita, nimepewa likizo fupi, na mpiga picha wa mjini naye alikuwa mstari wa mbele. Sina sura yake popote. Nikifumba macho namwona. Kila siku sura hiyo hupungua kidogo.

Wewe una visu vyako na dawa zako za kufuta rangi. Nenda Lyon kwa yule bwana aliyeinunua picha. Ondoa kichaka, umtoe mke wangu. Hata mgongo tu.

Sijawahi kukuomba kitu.

Mdogo wako,
Firmin

Paris, 15 Machi 1928

Mdogo wangu mpendwa,

Pole, pole sana kwa msiba huu.

Nilikwenda Lyon. Bwana Delorge, yule wa hariri, alinipokea vizuri, akanipa kahawa. Nilimweleza yote, hata kwamba wewe ni ndugu yangu. Akasikiliza, kisha akasema, "Bibi, mimi nilinunua kichaka. Mfuaji wako angekuwepo, nisingeinunua." Nilimsihi, akagonga kengele niletewe koti langu.

Nitamchora upya, Firmin, kwa kumbukumbu. Nakuja Juni na turubai mpya. Utakaa karibu yangu uniambie palipokosewa.

Dada yako akupendaye,
Zélie

Puy-Girard, 30 Aprili 1928

Zélie,

Mimi mzima. Natumaini nawe u mzima.

Nami nilikwenda Lyon. Bwana Delorge hakuwepo. Nilipitia mlango wa jikoni, nikamwambia mtumishi, mama mmoja, ukweli wote; naye ni mjane, akanivua viatu akaniingiza sebuleni. Akasema, "Tazama, lakini usiguse."

Nilitazama. Mwanga wa dirishani ulikuwa unaingia kwa upande, nikaona rangi ya kile kichaka haikulala sawa. Nikagusa. Yule mama akageuka akatazama ukutani. Chini ya maua yako pana mwinuko, mwembamba kama kovu. Niliufuata kwa kidole: bega, mgongo ulioinama, mkono ulioshika nguo. Hukumfuta. Ulimfunika akiwa bado anafua.

Nilisimama hapo mpaka yule mama akasema bwana anarudi.

Usimchore upya. Huyo utakayemchora sitamjua. Na Juni usije. Chumbani mwako nimeweka mbuzi.

Firmin Marchadier