Udongo wa Mama Kwenye Vigae vya Plastiki

Gitting, Hanang
9 Septemba 2024

Mpendwa kaka Herman,

Shikamoo. Habari za Kibaha? Wifi Agripina na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nilipokupigia simu kuhusu vigae sikusema yote, maana Mama alikuwa karibu. Kikundi chetu kinayeyusha ndoo na madumu mabovu ya bluu, tunachanganya na udongo wa Mama wa vyungu uliosagwa, kisha tunashindilia kwenye kalibu. Zahanati ilitaka vigae vya bluu. Vyetu vikatoka kahawia kama ukoko wa ugali, tena vinavunjika mkononi.

Mwenyekiti wetu, Gidamis, akasema kosa ni la udongo, tuhamie mchanga. Mama aliyasikia, nawe unamjua. Ndoo hizo hizo ndizo zilizommalizia soko la vyungu. Sasa na udongo wake ukataliwe? Iliniuma sana.

Wote tulimwona Mama akichochea moto wa kuyeyushia plastiki kama anachoma vyungu, kuni juu ya kuni. Lakini nani angegusa moto wa mama mzima?

Basi nikatanguliza jina lako bila kukuuliza, unisamehe. Nikamwambia, "Kaka anasema kiwandani kwao plastiki ikikaa na udongo kwenye moto mkali inaungua. Udongo ukauke kabisa, utiwe mwishoni, na moto uwe mdogo." Akanijibu, "Herman amejua lini kuchoma?" Kesho yake nikamkuta anaanika udongo kwenye turubai, na kuni amezipunguza.

Kaka, vigae vimetoka bluu! Gidamis alikibamiza kimoja chini makusudi, hakikupata hata ufa. Jumamosi alikuja mwenyewe kuomba udongo zaidi. Mama akamwambia asubiri amalize chai, na aliinywa polepole kweli kweli.

Nimempa kondakta wa basi kigae kimoja akuletee. Usikiache kiwandani, kiweke nyumbani.

Msalimie wifi na watoto. Shangazi Fausta na Bura wa Dirma wanawasalimu sana. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Nimemuuliza Mama ana neno gani kwako. Nilidhani ataagiza blanketi, kama kawaida yake. Akasema, "Mwandikie kwamba nina kazi."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Paskalina