Dua ya Bibi Iliyoganda Ukumbini

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na studio yako ina wateja. Magoti ya Mama je, yamepata nafuu? Sisi huku ughaibuni wazima, ila baridi imetubana.

Umeniuliza ununue kompyuta gani ya kuhariri picha na video, eti kwa kuwa mimi ni mjuzi. Neno hilo limenitahayarisha, Dada. Sikiliza yaliyonifika.

Unajua siku za wiki nafanya usafi uwanja wa ndege, wikiendi napiga video za harusi. Nilipotaka kompyuta mpya, rafiki yangu Mkongo wa mtaa wa Tottenham, anayerekodi ibada za kanisani kwao, alinishauri nichukue ile kubwa ya mezani, yenye memori ya kutosha. Mimi nikachagua laptop nyembamba ya kung'aa, nionekane fundi wa kisasa.

Mwezi uliopita nikapata harusi ya Wapemba, mtaa wa Hounslow. Bibi yake bi harusi hakuweza kusafiri, akarekodiwa kwao Wete akimuombea dua mjukuu wake. Nikaiunganisha video hiyo na picha za utoto wa bi harusi ili ioneshwe ukumbini. Laptop ikapata moto, ikashindwa kuikamilisha, nami nikaamua kuionesha hivyo hivyo. Bibi alipofungua mdomo kumtaja mjukuu wake, ikaganda. Sura yake ikabaki ukutani, mdomo wazi. Nikazima, nikawasha, ikaganda palepale. Watoto wakacheka. Bi harusi akainamisha kichwa.

Baba yake akanijia taratibu.

"Maneno ya mama yangu yamepotea?"

"Hayajapotea, mzee."

"Basi kaa kitako ule."

Bora angenigombeza.

Kesho yake nikaenda Tottenham. Rafiki yangu akaniachia kiti chake, na kompyuta yake ikaimaliza kazi kabla chai haijapoa. Nikaipeleka kwa bi harusi. Wakaitazama wote sebuleni, Bibi mwenyewe akisikiliza kwenye simu. Ilipokwisha akaomba azungumze na aliyeitengeneza, amshukuru. Nikaishika simu, nikamwamkia, nikamwomba radhi.

Basi chukua ya mezani, Dada, yenye memori kubwa, kadi yake maalumu ya kuchakata picha, na kioo kinachoonesha rangi za kweli. Kabla hujalipa, ijaribu kwa video yako palepale dukani.

Nisalimie shemeji Salum, mumeo, na shangazi yetu Bi Asha. Mama akikuuliza habari za kazi yangu, mwambie bado najifunza.

Nduguyo akupendaye,
Hamadi