Mwisho wa Filamu Uliojua Kuugeuza Bombani

Mpendwa mke wangu,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ambayo wengine nao wataisoma. Jambo lenyewe limesemwa hadharani hapa mtaani kwetu Kamalondo, nami nimeona si adabu kulijibu kwa kunong'ona. Mwanetu Kalenga anataka ukumbi wetu wa filamu, salle kama auitavyo, uwe ghala la unga na sabuni kutoka mpakani Kasumbalesa. Mfanyabiashara amekwisha kuja kupima kuta. Nilimpa kiti na maji, kisha nikamwambia kwamba nakataa.

Kalenga alinionyesha kwenye simu habari za filamu ya ng'ambo iliyovunja rekodi ya mapato duniani.

"Papa, ona. Njo vile banajazaka salle: publicité mingi, nyota mukubwa, mabomu kila fasi. Weye uko na mabenchi na micro ya kusemea. Nani atakuya?"

Nilimsikiliza bila kumkatiza, kama mapadre walivyotufundisha. Lakini nilikuwa nakukumbuka wewe.

Nilikuwa nikisimama kando ya kitambaa cheupe, nikitafsiri kwa Kiswahili Kifaransa cha filamu, nawe kwenye benchi la mbele ukinisahihisha kila nilipomfanya jambazi aongee kama katekista. "Ule ni mwizi, Papa Kalenga! Haombake ruhusa!" Ukumbi mzima ulicheka, nami nikaomba radhi kwenye kipaza sauti.

Kesho yake ulikwenda bombani na ndoo yako, ukawasimulia wanawake filamu yote, kisha ukaugeuza mwisho. Aliyepona ulimuua, aliyeoa ulimwacha mseja. Walioiona walipandwa na hasira, wakakuita mwongo: "Weye uko na bongo! Niliona na macho yangu!" Wasioiona hawakujua wamwamini nani. Jioni wote walikuwa mlangoni kwetu, kila mbishi na mashahidi wake. Nilipokuuliza kama uongo huo si dhambi, ulijibu huku ukigeuza mikate mafutani: "Zambi ni kuambia muntu mwisho ya kweli. Sasa atakuya kuona nini?"

Hilo ndilo nililomjibu Kalenga. Sikatai kwamba matangazo yana nguvu, wala kwamba watu hupenda kumwona tena shujaa waliyemzoea. Hayo hujaza viti siku za kwanza. Baadaye, hata huko ng'ambo, mtu hutoka nyumbani kwa sababu shemeji yake amembishia mezani. Nao wana bomba lao mahali fulani, na pale bombani ndipo rekodi huvunjwa.

"Sawa, Papa," alisema. "Siku ya Mungu salle isipojaa, kesho yake mabenchi inatoka."

Basi nilivaa koti langu la misa, nikaenda bombani. Niliwaomba radhi wanawake kwa kuwasumbua kwenye foleni, nikawasimulia filamu niliyopanga kuionyesha Jumapili, ambayo watu wachache tu walikuwa wameiona kwetu: mwanamke avukaye mto uliofurika kumtafuta mtoto wake. Mwishoni, nikasema, alizama.

Mama Ilunga, ambaye alikuwa ameiona, aliweka ndoo chini. "Papa Kalenga! Na mvi yote ile, unasema bongo?"

Nilimwomba msamaha, wala sikubadili neno. Nilipofika kwa mafundi cherehani ili niwasimulie nao, ubishi ulikuwa umekwisha kunitangulia.

Jumapili, ile siku ya Mungu aliyoisema, watu walisimama hadi kwenye kuta. Na nani alikuwa akisukumana na watu mlangoni, mkewe nyuma yake? Kalenga. Yeye alikuwa ameitazama kwenye simu. Mkewe aliisikia bombani. Walikuwa wamebishana tangu chai ya asubuhi.

"Papa, ambia huyu bibi! Ule mwanamuke alipona!"

"Mwongo!" mkewe alimjibu. "Papa mwenyewe alisema alikufa!"

"Kaeni, wanangu," niliwaambia, "mtaona wenyewe." Niliwapa benchi lako, ambalo sikuwa nimempa mtu tangu tulipokuzika.

Mabenchi hayakutoka. Mfanyabiashara ametuma mtu kuniuliza tena, nami nimemjibu kwa heshima zote kwamba sabuni yake itafute pa kulala. Akiuliza mara ya kumi nitamjibu vilevile, tena kwa heshima zaidi.

Nawe, mke wangu, wananishauri nizoee kwamba hutakaa tena benchi lile. Wanisamehe, hilo nalo nalikataa. Nakuambia mbele ya wote wasomao: yule mwanamke alizama. Kama unabisha, njoo Jumapili unikatize.

Mumeo, bado kando ya kitambaa cheupe.