Shamba la Werema

Kerende, 6 Juni 2023

Mjukuu wangu Sarah,

Salamu nyingi. Mama yako Judith hajambo, wadogo zako wawili hawajambo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi goti linaniuma lakini mdomo ni mzima, kama utakavyoona. Huko Mugumu unakula? Mama yako anasema kwenye simu sauti yako imekonda. Mimi simu siitaki, wajua. Maneno ya simu ukishayasikia yamekwenda. Barua naiweka sandukuni, na mtu akinibishia naitoa. Nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la ngumbaru, na sikuteseka vile ili nije kuongea na kipande cha plastiki.

Habari kubwa ni kwamba wapimaji wamefika kijijini. Kazi ile ile unayoifanya wewe huko, sasa imetufikia. Wamezunguka shamba letu lote na kile kishikwambi chao, mimi mbele na fimbo yangu, nawaonyesha mikonge ya mpaka aliyoipanda babu yako Nyamhanga. Wazee wa kamati ya kijiji walikuwepo wote. Kijana wa kupima akaniuliza mwenye shamba ni nani, nikamjibu ni Werema Nyamhanga, mume wa Judith. Akaandika. Akauliza yuko wapi, nikamwambia ametoka kutafuta kazi. Hilo nalo akaandika. Nikatia sahihi mimi, mama yake.

Nimefurahi, mjukuu wangu. Sasa hata nikifa hakuna atakayemsumbua mama yako. Kula vizuri.

Bibi yako,
Mama Werema

Mugumu, 29 Juni 2023

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti tu ndilo linalolalamika. Mimi ni mzima na ninakula, mwambie mama. Juzi nimerudi kutoka Robanda. Tembo wameng'oa mawe mawili ya mpaka tuliyoyazika, na mwenye shamba akatuambia tukawashtaki baraza la kata, maana yeye mahindi yake wameshayala na hajapata wa kumsikiliza.

Bibi, nina neno na sijui nilianzie wapi. Karatasi za vijiji vya Tarime na vya Serengeti zote zinaletwa kwetu hapa kuingizwa kwenye kompyuta. Jana nimefika Kerende. Kipande namba 217 nilikitambua kabla ya kusoma jina, kwa ile kona iliyochongoka kuelekea kisimani. Halafu nikasoma jina.

Mkuu wetu, Bwana Nikolaus, ni mtu wa Songea. Akauliza huyu Werema mbona hana namba ya kitambulisho. Ikanibidi nimweleze nyumba ntobhu: kwamba kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto wa msichana yule wakawa wajukuu wa nyumba. Nikamwambia mimi ni mmoja wao, ndiyo maana jina langu la kati ni Werema. Alisikiliza vizuri, hakucheka. Akasema, "Sarah, desturi nimeielewa. Lakini hati haiwezi kumpa ardhi mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

Hivi karibuni orodha itabandikwa ofisi ya kijiji, na watu watapewa mwezi mmoja waseme makosa. Nakuomba, Bibi, nenda ukaandikishe jina lako na la mama. Ni neno dogo tu.

Mjukuu wako,
Sarah

Kerende, 17 Julai 2023

Sarah,

Hatujambo. Barua yako imefika.

Neno dogo? Nani kakuambia ni dogo? Miaka ishirini na tisa kijiji chote kinaniita Mama Werema. Wazee wa kamati waliposikia nataja jina lile, wote walikuwa wanaujua ukweli na hakuna aliyefungua mdomo, maana kwetu humkatalii mtu mtoto wake. Hiyo ndiyo heshima waliyonipa. Na wewe unaniambia niende ofisini kuirudisha kama debe la kuazima.

Lakini kuna jambo baya zaidi, na ndilo limenifanya nikae chini niandike. Orodha imebandikwa. Amos, mtoto wa shemeji yangu, alikwenda kusoma. Unakumbuka kifungua mimba chake anaitwa nani? Werema Nyamhanga, jina la ukoo, na kitambulisho anacho mfukoni. Sasa Amos anapita kila mahali akisema bibi amewapa shamba, amelitaja jina la mwanawe mbele ya kamati na kutia sahihi, tena kwa akili zake timamu. Kijana mwenyewe ana aibu, hanitazami usoni. Baba yake hana. Na unaijua Kerende, hapa watu wanachimba dhahabu, hata njia ya mbuzi ina anayeitamani.

Mama yako halali vizuri. Ananiuliza akifukuzwa pale aende wapi, maana kwao walishakula ng'ombe zangu.

Wewe uko kwenye hiyo kompyuta. Mtoe Werema taratibu, umwandike Judith. Ni kazi ya muda gani? Usinifanye nisimame mbele ya Amos nimkane mwanangu. Nimekulea mgongoni, sijawahi kukuomba kitu.

Bibi yako,
Mama Werema

Mugumu, 25 Julai 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu, na mama amelala walau kidogo.

Siwezi, Bibi. Nimeliandika neno hilo mwanzoni, barua isije ikakupa tumaini la uongo. Nisikufiche pia: nilikifungua kile kipande mara mbili, nikakiangalia, nikakifunga. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Lakini leo nikibadilisha 217 kwa kuwa ni ya bibi yangu, kesho mwenzangu atabadilisha 218 kwa ajili ya shemeji yake, na kina mama wote wa huku niliowaambia "tulieni, jina lenu likiingia halitoki" nitakuwa nimewadanganya. Na Amos akiuliza ni nani aliyebadilisha, kompyuta itamtajia siku, saa na jina langu. Hapo mtakosa shamba, na mimi nitakosa kazi.

Nimemkumbusha Bwana Nikolaus kwamba ni nyumbani kwetu. Ameniondolea faili lile, amempa mwenzangu Hamidu, na sasa siwezi kuligusa hata nikitaka. Mimi nimebakiziwa ramani kubwa ya kijiji kizima.

Kamati itasikiliza pingamizi tarehe 18 Agosti, asubuhi, ofisi ya kijiji. Baada ya siku hiyo jina likikaa limekaa. Hakuna mtu mwingine anayeweza kusema kwamba Werema wako si Werema wa Amos. Ni wewe tu uliyemtaja.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Sarah

Mugumu, 9 Agosti 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nimempigia mama, akasema uko shambani. Nimepiga tena, akasema uko shambani. Bibi, hakuna shamba la kulimwa siku kumi na tano mfululizo mwezi wa nane.

Nina hofu. Najua ninachokuomba. Nikiwa darasa la tatu walinicheka kwamba baba yangu ni hewa, ukaenda shuleni na fimbo, ukamwambia mwalimu, "Baba yake ni Werema, na anayetaka kumwona aanze na mimi." Hakuna aliyenicheka tena. Leo mimi huyo huyo nakuambia umtoe.

Ukinichukia, nichukie. Ila tarehe 18 nenda.

Mjukuu wako,
Sarah

Kerende, 20 Agosti 2023

Mjukuu wangu,

Salamu. Sisi wazima. Nilikuwa na hasira na wewe na sasa imepungua, haijaisha. Unajua kusema mambo kwa barua, hilo umelipata kwangu.

Nilikwenda. Nilivaa ile gauni ya Krismasi, maana kama ni msiba niende nimevaa. Mama yako alinishika mkono njia nzima. Watu walijaa hadi nje dirishani. Amos alianza, akaongea sana, akatoa kitambulisho cha mwanawe kikapita mikononi mwa wazee mmoja mmoja. Kijana alikaa nyuma kabisa akitazama viatu vyake.

Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. Nadhani angepata njia ya kutoniuliza asingeniuliza. Akasema, "Mama Werema, yule uliyemtaja kwa wapimaji ni kijana huyu wa Amos?"

Nikasema si yeye. Ni mwanangu.

Akauliza, "Mwanao yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa, Sarah. Nilikuwa na maneno mengi, ya mila, ya babu yako, ya ng'ombe niliowatoa. Yote yakanitoka. Nikajikuta nasema, "Sina. Sikuzaa. Niliolea jina, na jina halilimi. Aliyelima shamba lile ni huyu Judith na mimi."

Kisha mzee mmoja wa kamati akasema alikuwepo siku ng'ombe walipotolewa, anashuhudia, na mwingine akasema naye alikuwepo, na mwingine. Kijana wa Amos akasimama kule nyuma akasema yeye hakutaka. Wakafuta jina mbele yangu. Wameandika Wegesa, jina langu mwenyewe, na Judith, wote wawili, tumetia sahihi.

Shamba limepona. Mama yako amelala jana kuanzia jioni mpaka jogoo. Mimi ndiyo sijui nina nini. Nikipita kisimani wanawake wananisalimia "shikamoo mama" wanaishia hapo, hawajui wamalizie na nini. Nilimlilia, Sarah. Nimemzika mtu ambaye sikumzaa, na hakuna aliyenipa pole.

Neno la mwisho. Jina lako la kati sasa ni la mtu ambaye bibi yako amemkana mbele ya watu. Wewe ni msomi, vyeti vinabadilishwa. Ukitaka kulitoa, sitakulaumu.

Bibi yako,
Wegesa

Mugumu, 14 Novemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole, Bibi. Pole sana. Ningekuwa huko siku ile ningekuja na khanga, nikae nawe chini kama inavyofanyika mtu akifiwa.

Hati zimesainiwa, Hamidu amekagua yenu mwenyewe na haina kosa. Mtendaji wa kijiji atawakabidhi wiki ijayo. Ramani ya kijiji nayo imetoka, vipande mia nne na kumi na viwili, nimeichora mimi miezi minne na macho yamekaribia kuhama. Itatundikwa ofisini pale pale palipofanyika kikao. Wewe na mama mkachukue hati, na ramani uitazame vizuri.

Ninakuja Krismasi.

Mjukuu wako,
Sarah

Kerende, 3 Desemba 2023

Mjukuu wangu Sarah,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lile lile. Ndama amekua, anapiga mateke.

Hati tumepata. Mama yako ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, halafu kitambaa, halafu mfuko mwingine, kama anayesafirisha yai. Nimeisoma mwenyewe yote.

Nikuambie ukweli, barua yako ilinichoma. Nilikuandikia neno la mwisho zito, na wewe ukanijibu habari za macho yako. Nikasema basi, mtoto amenyamaza, kunyamaza nako ni jibu. Ofisini nilikwenda kwa sababu ya hati tu.

Ramani yako ni kubwa kama mlango. Mtendaji, kijana mwenye adabu, akanionyesha 217 kwa kalamu, na kona yetu ya kisimani, na mpaka wa mikonge. Nikamwambia vizuri. Kwa kuwa uliniambia niitazame vizuri, nikaendelea kushuka na kidole, nikapita barabara, nikapita mto, nikafika chini kabisa penye maandishi madogo. Siku zote kwenye karatasi zako za kazi unaandika S. Nyamhanga, nimeziona. Pale umeandika yote. Nilisoma polepole, herufi kwa herufi, kingumbaru: Imechorwa na Sarah Werema Nyamhanga.

Mtendaji akaniambia, "Mama, shamba lako liko juu, huko chini unatafuta nini?"

Nikamwambia nimeshakiona.

Krismasi uje na njaa.

Bibi yako,
Mama Werema