Ng'ombe Wangu na Chuo Chako

Nyarugusu, Geita
Jumapili jioni

Mdogo wangu Davis,

Marahaba, maana najua ungenikuta ungeniamkia kwanza kabla ya kuanza ubishi wako. Kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa vumbi kimepoa? Sisi huku hatujambo. Blessing anaota meno, usingizi tumeusahau. Shemeji yako Pantaleo bado anachimba, anarudi na vumbi hadi kwenye kope, ila mzima, tunashukuru.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu unausoma mstari wa kwanza, unarudisha kidole gumba, basi. Nikikupigia unanikatiza. Barua utaimaliza.

Juzi Baba alinipigia kutoka Ushetu, hata salamu yake ya mwangaluka hakusubiri niitikie. Akasema unamtaka auze ng'ombe ili uache chuo, ukafungue kampuni ya kutengeneza programu na wenzako. Eti umemwambia kwenye kazi hiyo digrii ni pambo tu, na shahidi wako ni dada Limi, ana kidato cha nne na mfumo wake unaendesha karasha zima. Akaniuliza kama ni kweli. Akasema pia ng'ombe wenyewe ni wale wa mahari yangu, ndiyo maana hawezi kuwagusa bila kunisikia. Nikamwomba aniache nifikiri.

Mila naijua, Davis. Ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada ndio anaoolea mdogo wake. Ungewataka kwa kuoa nisingefungua mdomo. Lakini unawataka kwa kuacha shule, na mimi ndiye umenipeleka mbele ya Baba kama ushahidi, bila hata kuniuliza. Hapo umenichosha.

Uliyosema ni kweli, ila ni nusu. Pale karasha, wanaposagia mawe ya dhahabu, kazi yangu ilikuwa kuandikisha mifuko ya watu. Walikuwa wanagombana foleni kila siku, wengine wanalala juu ya mifuko yao kama kuku anayeatamia. Nikaanza kujifunza kwa video za simu, Blessing akiwa bado tumboni, kwa ile kompyuta ya bosi wetu Kalisti ambayo umeme ukikatika nayo inazima. Nikatengeneza programu inayomtumia mtu ujumbe zamu yake ikikaribia. Sasa wachimbaji wanakaa kwao wanakula ugali, wakitaniana kwamba Mama Blessing akikuita usipokwenda utasaga kesho. Sifa hizo unazijua, unazitangaza hadi chuoni.

Usiyoyajua ni haya. Kuna kampuni Geita mjini iliupenda mfumo ule, wakaniita. Wakanipa jaribio, nikafanya, wakasema kazi ni yangu, niombe tu kwenye tovuti yao ili mambo yawe rasmi. Nikafungua. Kwenye kiwango cha elimu unachagua, na chaguo la chini kabisa lilikuwa shahada. Chini ya hapo hakuna kitu. Nikirudi nyuma, inakataa. Nikiruka, inakataa. Mimi ninayeandika mifumo nilikwama kwenye mfumo, mtoto analia mgongoni. Na kwa kuwa kazi hiyo naijua, nilijua haikuwa bahati mbaya. Kuna mtu aliketi akaandika kwamba mtu kama mimi hayupo.

Nilipowapigia waliniambia pole, ndiyo taratibu. Halafu wakapata njia. Kuna kijana wao anaitwa Ignas, ana digrii. Mfumo wangu ukaandikwa kwa jina lake, mimi nikaitwa msaidizi wake. Siku ya kuuzindua walimpigia makofi, nami nilikuwa nyuma kabisa nambembeleza Blessing. Shemeji yako aliniuliza mbona jina langu halikutajwa. Nikamwambia labda wamesahau.

Wala Ignas si mtu mbaya, wala si mjinga. Mimi nilikuwa nahifadhi namba za siri za watu waziwazi, mwizi akiingia anazisoma kama gazeti. Yeye ndiye aliyeshtuka akanionyesha zinavyofichwa. Nilipomuuliza kajifunza wapi alisema chuoni, mwaka wa pili. Mwaka wa pili, Davis. Ndipo ulipo wewe, na mkopo wa serikali unakusomesha, na unataka kutoka.

Kwa hiyo usiniulize kama digrii inahitajika. Kuifanya kazi niliweza bila hiyo. Kulipwa kwa jina langu sijaweza. Nina hasira na mlango huo, lakini hasira yangu haiwezi kukulisha.

Sasa jambo lenyewe, nataka ulisikie kwangu. Leo baada ya ibada nimempigia Baba, nimemwambia ng'ombe auze. Ila si kwa ajili yako. Nimeomba wanisomeshe mimi. Nimepata nafasi ya astashahada ya kompyuta Shinyanga mjini, ndiyo ngazi ya kwanza kuelekea shahada, nitakaa na Blessing kwa shangazi Suzana kule Kolandoto, na Pantaleo amekubali. Mama mkwe amesema hajawahi kuona mahari ikimsomesha aliyetolewa mahari. Nikamjibu kwa heshima kwamba hata mimi sijaona. Baba akasema ng'ombe walikuja kwa ajili yangu, waende kwa ajili yangu.

Utakasirika. Kasirika, lakini ukiwa darasani. Siku yako ya kuoa ikifika nitatafuta ng'ombe mimi mwenyewe, sitakuacha uaibike. Na ukimaliza, nami nikimaliza, hiyo kampuni tutaifungua pamoja. Jina langu litakaa juu ya lako, mimi ndiye mkubwa. Hapo ukitaka shahidi nitakuja mwenyewe.

Nisalimie wenzako, hata hao wa kampuni. Blessing anakusalimu kwa udenda wa meno yake. Doa lililo pembeni ya karatasi ni lake. Vaa sweta asubuhi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Limi, Mama Blessing