Mitungi Mitupu ya Mzee Kamen

Jumatatu, 11 Septemba

Nimeng'oa kile kibao cha "Ushauri wa Akili" mlangoni hapa kliniki. Kiangazi chote hakuna aliyegusa kitasa cha mlango ule — nani aingie huku foleni nzima ya kisukari inamtazama? Sasa mimi nesi nauliza mwenyewe, hapa hapa ninapopima miguu ya wenye sukari. Mgonjwa anavua soksi, anafumba macho, namgusa nyayo kwa ule uzi wa plastiki aniambie anahisi wapi. Humo humo naingiza: usingizi ukoje? Kuna kitu bado kinakufurahisha? Macho yakifumbwa, watu husema! Bibi Zlatka amelia, akapenga kamasi, akauliza kama hiyo nayo ni sukari. Nikamwambia hiyo ni sonona, ina dawa, na zote mbili tunazitibu hapa.

Daktari Galabov kanuna. Foleni haiendi. "Nevyana, hii ni kliniki ya sukari, si kanisa." Kanipa mpaka mwisho wa mwezi nioneshe faida, la sivyo niache. Sawa. Tutaonana.

Jumatano, 13 Septemba

Mji mzima unanuka pilipili hoho za kuchoma. Kila mtu anasindika kwenye mitungi vya kula wakati wa baridi.

Leo mzee Kamen, yule mgane wa mtaa wa juu, kaja na toroli la mitungi ya glasi. Misafi, mitupu. Marehemu mkewe ndiye alikuwa akiijaza kila vuli. Katugawia yote, nasi tukaigombania! Mimi nimejibebea kumi na miwili. Sukari yake iko juu mno. Macho kayafumba, kasema analala vizuri, anafurahi vizuri. Nikaandika: hana tatizo.

Alhamisi, 14 Septemba

Nilikuwa naosha ile mitungi, nikaiacha kwenye beseni. Nani katika mji huu hugawa mitungi mwezi wa tisa? Asiyekusudia kula wakati wa baridi! Na sisi tukamshukuru. Mimi muuliza maswali ndiye niliyeshukuru kuliko wote. Nimejichukia.

Nimemwambia daktari. Kasema labda mwanawe aliyeko Italia anamtumia hela, ananunua dukani. Nikamwambia Kamen hali pilipili ya dukani hata umfunge kamba. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Ila kasema nisimuulize Kamen habari za kujiua, eti nitampandikiza wazo. Mafunzoni tuliambiwa kinyume kabisa: kuuliza hakumuui mtu. Nitauliza.

Ijumaa, 15 Septemba

Kamen hapokei simu.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimekwenda kwake. Nimemkuta amekaa barazani, mzima. Uani hakuna hata gogo moja la kuni za baridi. Nikamuuliza kuhusu insulini. Kaacha kujidunga tangu Sikukuu ya Bikira Maria, mwezi mzima sasa. Anasema hivyo kama mtu aliyeacha kununua gazeti.

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamuuliza kavu kavu: "Mzee Kamen, unataka kufa?"

Akaitazama njia. Akauliza kama nimetumwa kumpeleka ile hospitali ya wagonjwa wa akili, ya milango ya kufuli. Nikamwambia hapana. Tutaanza na sukari sasa hivi. Halafu Jumatatu aje kwangu kama kawaida, daktari ataongeza kidonge kimoja, nami nitapita huku mara kwa mara. Ndiyo hivyo tu.

"Hilo swali unawauliza wote?"

"Wote, tangu juzi."

"Na kuna wanaosema ndiyo?"

"Wapo. Wengi."

"Kina nani?"

"Siwataji, mzee wangu. Hata ukinichinja."

Akageuka, akanitazama.

"Basi na mimi usinitaje," akasema.

Nikamshika mkono. Kaenda ndani kutafuta sindano, nami naandika haya barazani kwake. Nimempigia Galabov mara mbili aniambie kipimo cha insulini, hajapokea. Nampigia tena. Kamen anafungua droo moja baada ya nyingine, anaziacha wazi. Sindano haionekani. Naweka kalamu, nainuka nimsaidie.