Moyo wa mutoto wa Furaha

Maman mupenzi, jambo sana huko Mwenga.

Mudogo wangu Furaha alikuwa anaficha mimba, kama sisi wanamuke wote tunaficha mpaka tumbo ionekane. Leo hapa Bukavu, kwa sababu ya ile homa yenye kuvunja viungo, ilibidi aiambie docteur.

“Haiko malaria,” docteur akasema. “Ni virusi ya mbu wa muchana. Inaweza kuharibu mimba changa.”

Akawasha ekografi, ile mashini ya kuonyesha ndani ya tumbo. Maman! Kitu kidogo kama mbegu ya maharagi, na ndani yake moyo unapiga mbio!

Furaha anakataza nisiambie mutu. Lakini hii karata ya barua haina anvelope, motard mwenye kuileta na pikipiki ataisoma kabla yako. Aisome!

Funika mabidon ya maji, mbu huyo anazalia mule. Tunarudi watatu.

Riziki wako